Vidole Vilivyotangulia Kipanya

Ukibonyeza mkwaju (/) katika seli tupu ya Excel, hakiandikwi kitu. Badala yake herufi ndogo ndogo huchipuka kwenye utepe ulio juu ya dirisha, kana kwamba umebonyeza Alt. Mtu aliyetaka tu kuandika alama hiyo hudhani kompyuta imekwama. Haijakwama, inamtii mtu mwingine, mhasibu wa miaka arobaini iliyopita aliyezoea kuanza kila amri kwa mkwaju, tena aliyeuzoea katika programu ambazo Microsoft haikuzitengeneza. Ya kwanza kati ya programu hizo ilitoweka madukani katikati ya miaka ya 1980. Ya pili IBM iliacha kuihudumia mwaka 2014. Mkwaju wenyewe ungali kazini.

Mabonyezo ya aina hii tumeyapa jina la njia za mkato. Jina zuri, ila linapotosha historia. Anayesema njia ya mkato anachukulia kwamba ipo barabara kuu, ndefu na ya halali, na kwamba mwenye haraka zake anapenya vichochoroni. Katika lahajedwali mambo yalikwenda kinyume. Vitufe ndivyo vilivyokuwa barabara. Kipanya kilikuja baadaye kikafungua barabara ya pili, pana na yenye taa, na hapo ndipo ile ya kwanza ilipoanza kuitwa kichochoro. Hoja yangu ni kwamba kushushwa cheo huko hakukuwa jambo la jina tu. Ndiko kunakoeleza kwa nini mtu anaweza kutumia lahajedwali miaka kumi asiongeze kasi hata kidogo, ilhali karani wa mwaka 1984, mwenye mashine dhaifu mno, alisukumwa na programu yenyewe kila siku kuelekea kwenye wepesi.

Tuanze na mashine hiyo dhaifu. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa shule ya biashara ya Harvard, akiwaza juu ya jedwali la hesabu ambalo ukibadilisha namba moja, nyingine zote zinazoitegemea zinajirekebisha zenyewe. Katika ndoto zake za mwanzo alikiona kikokotoo chenye gololi tumboni, cha kusukumwa juu ya meza kama kipanya. Kwa hiyo haikuwa kwamba wazo la kuelekeza kwa mkono halikumjia. Lilimjia, akalijaribu, likamshinda: kwenye kompyuta ya Apple II alitumia kile kidude cha kuzungusha kilichotengenezwa kwa ajili ya michezo, akakuta kinaburuta na hakilengi sawasawa. Akageukia vitufe. Apple II nayo ilikuwa na mishale miwili tu, wa kushoto na wa kulia. Suluhisho lilikuwa la kimaskini na la werevu: kile kitufe kirefu cha nafasi kikapewa kazi ya kugeuza maana ya mishale, mara ikaenda kando, mara ikapanda na kushuka, na alama ndogo pembeni mwa kioo ikamkumbusha mtumiaji yuko katika hali ipi.

Bob Frankston aliiandika programu, ikaitwa VisiCalc, na ikaanza kuuzwa Oktoba 1979. Jedwali lake lilikuwa na safu wima 63 na safu mlalo 254. Amri zake zilianza kwa mkwaju, kwa sababu iliyo rahisi kuielewa: herufi ukizichapa zenyewe zinakuwa maandishi ya seli na namba zinakuwa namba, kwa hiyo ilihitajika alama ambayo mtu hana haja ya kuanzia nayo neno, ili iseme kwamba yanayofuata si data bali ni agizo. Ukibonyeza mkwaju, sehemu ya juu ya kioo ilionyesha mstari wa herufi tupu, moja kwa kila amri, bila maelezo yoyote. B ilifuta seli, D iliondoa safu nzima, M ilihamisha, R ilinakili, S ilihifadhi. Asiyejua alitazama herufi hizo kama anavyotazama namba za magari barabarani. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa finyu kiasi kwamba maneno kamili yalikuwa anasa, na kila nafasi iliyookolewa ilikuwa nafasi ya hesabu za mteja.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote, ingawa husimuliwa zaidi kwa fedha zake. Januari 1983 kampuni ya Lotus, iliyoanzishwa na Mitch Kapor, ilitoa 1-2-3 kwa ajili ya kompyuta ya IBM. Mwandishi wa programu hiyo alikuwa Jonathan Sachs. Katika mwaka wake wa kwanza kampuni iliuza bidhaa za dola milioni 53. Sababu zinazotajwa ni kasi yake na ile hali ya kuunganisha hesabu, grafu na uchambuzi wa data mahali pamoja, nazo ni za kweli. Lakini tazama ilivyoushughulikia mkwaju. Ulipoubonyeza, hukuletewa tena herufi kavu, bali maneno kamili yaliyopangwa juu ya kioo, na chini yake mstari wa kueleza kila neno lingefanya nini. Mgeni aliweza kusogea kwa mishale akisoma pole pole mpaka akalifikia alitakalo. Mzoefu alichapa herufi ya kwanza ya neno na kupita. Neno lilipochaguliwa lilifungua maneno mengine, na hayo mengine tena, hadi amri 469 zikaenea katika menyu zaidi ya 50.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba mgeni na mzoefu walipita njia ileile. Aliyetaka kuzipa seli muundo wa fedha alipita mkwaju, R, F, C. Mara ya kwanza alisoma kila neno. Mara ya ishirini alisoma nusu. Mara ya mia vidole vilishafika kabla macho hayajainuka. Hakuna siku aliyoamua kujifunza njia ya mkato. Kufanya kazi kwenyewe kulikuwa mazoezi, na kila kosa lilisahihishwa papo hapo mbele ya macho yake. Wabunifu wengi wa programu waliokuja baadaye wamekuwa wakitafuta namna ya kumfanya mgeni awe mzoefu bila kumpeleka darasani. Lotus ilikuwa nayo mwaka 1983, katika kioo cheusi kisicho na picha.

Tena Lotus iliyafanya mabonyezo kuwa kitu cha kuandikika. Makro katika 1-2-3 ilikuwa maandishi ya kawaida ndani ya seli: /RFC2~~ ilimaanisha hasa kile ambacho vidole vingefanya, na kiwimbi kilisimama badala ya Enter. Uliipa seli hiyo jina la mkwaju wa kinyume na herufi moja, ukabonyeza Alt na herufi hiyo, na mashine ikachapa kwa niaba yako. Karani asiyejua lugha yoyote ya programu alikuwa ameandika programu, kwa sababu lugha yenyewe ilikuwa ni mazoea ya vidole vyake. Na vitufe kumi vya F vilivyokuwa upande wa kushoto wa kibodi ya IBM vikagawiwa kazi: F2 kuhariri seli, F3 kwa majina, F4 kuifunga anwani ya seli isihame fomula inaponakiliwa, F5 kwenda mahali, F9 kukokotoa upya. Anayetumia Excel leo azitazame kazi hizo tena. Ni zilezile.

Mwezi uleule wa Januari 1983, Apple ilitangaza Lisa, kompyuta yenye kipanya, madirisha na menyu za kushusha. Mawazo yake mengi yalitoka kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto, ambako Larry Tesler na wenzake walikuwa wameunda mtindo wa kukata, kunakili na kubandika tunaoutumia mpaka sasa. Katika Lisa kazi hizo, pamoja na ile ya kutengua, zilipewa herufi Z, X, C na V, nne zinazofuatana chini kushoto mwa kibodi. Mahali hapo panasema mengi. Mkono wa kushoto unazifikia bila kuhama, wakati wa kulia umeshika kipanya. Kwa maneno mengine, vitufe vilikuwa vimefanywa msaidizi wa kipanya. Macintosh ya mwaka 1984 ilikwenda mbali zaidi: kibodi yake ya kwanza haikuwa na mishale kabisa, na hiyo ilikuwa nia, ili watengenezaji wa programu wasilete kazi zao za zamani zilizojengwa juu ya vitufe. Excel ilizaliwa mwaka 1985 katika Macintosh, mashine iliyokuwa imekuja duniani bila mishale. Programu inayosifiwa leo kwa wingi wa mabonyezo yake ililelewa katika nyumba iliyoyakataa.

Katika nyumba hiyo menyu ilikuwa na umbo jipya. Jina la amri lilikaa kushoto, na kulia kwake, kama maelezo ya chini ya ukurasa, kikaandikwa kibonyezo kinachofanya kazi hiyohiyo. Hapo ndipo mgawanyiko ulipotokea. Anayebofya jina kwa kipanya mara elfu anaufundisha mkono wake kubofya mara elfu. Kibonyezo kilichoandikwa pembeni hakijaguswa hata mara moja. Ili akijue lazima aache kazi, akikariri, na kwa siku kadhaa akubali kwenda polepole kuliko alivyozoea. Wachache hukubali hasara hiyo mchana wa kazi, bosi akisubiri ripoti. Utafiti wa David Lane na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rice, uliochapishwa mwaka 2005, uliwachunguza watumiaji wazoefu wa programu ya kuandikia ya Microsoft na kukuta kwamba hata wao, pamoja na uzoefu wao, walitegemea zaidi picha za kubofya. Uzoefu haukuwaleta kwenye vitufe. Si ajabu, kwani barabara waliyoizoea haikuelekea huko.

Yupo atakayepinga kuanzia kwenye msingi: nani alisema vitufe ni vya haraka? Pingamizi hili lina mwenyewe, naye si mtu mdogo. Bruce Tognazzini, aliyesimamia ubunifu wa namna watu wanavyoitumia Macintosh, aliandika mwaka 1989 kwamba katika majaribio ya Apple watu walisema mara zote kwamba kibodi ina kasi, na saa ilisema mara zote kwamba kipanya kina kasi. Maelezo yake yalikuwa kwamba kukumbuka ni kibonyezo gani kinahitajika huchukua kama sekunde mbili, na akili iliyoshughulika hivyo haihisi muda ukipita. Madai haya hayafai kupuuzwa kwa sababu tu yanatuudhi. Yapimwe kwa vipimo vya watu wengine. Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell walikuwa wamechapisha mwaka 1980 makadirio ambayo bado yanatumika: bonyezo moja la mchapaji mzuri ni kama sekunde 0.2, kuhamisha mkono kutoka kibodi kwenda kipanya ni 0.4, kukilenga kitu kwa kipanya ni 1.1. Basi kubofya picha moja juu ya kioo na kurudi kwenye kibodi ni 0.4, na 1.1, na 0.2, na 0.4 tena, jumla 2.1. Vitufe viwili ni 0.4. Ukiongeza zile sekunde mbili za Tognazzini za kukumbuka, vitufe vinafika 2.4 na kipanya kinashinda kwa wembamba. Saa yake haikudanganya. Lakini ondoa kule kukumbuka, kama vidole vya karani wa Lotus vilivyokuondoa, na vitufe vinashinda mara tano. Ugomvi wote umekaa ndani ya sekunde mbili hizo, nazo si tabia ya kibodi. Ni tabia ya mtu ambaye hakupewa nafasi ya kuzoea.

Na lahajedwali si barua. Katika barua mikono iko kwenye maneno na amri huja mara moja moja. Katika jedwali kazi yenyewe ni kutembea: kwenda mwisho wa safu, kuchagua seli elfu tatu, kurudi juu, kunakili fomula hadi chini. Excel ya tangu mwaka 2007 ina safu mlalo 1,048,576. Kuburuta kipanya kuzishuka ni adhabu. Ctrl na mshale wa chini hukufikisha ukingo wa data kwa pigo moja, na ukiongeza Shift unazichagua zote njiani. Hilo nalo ni la kurithi. Katika Lotus ulibonyeza End kisha mshale, na katika Excel ya leo End kisha mshale bado hufanya hivyohivyo.

Pingamizi la pili ni la kiuchumi zaidi: huenda mabonyezo haya yamedumu kwa sababu ya uzito wa mazoea tu, si kwa ubora wake. Sehemu ya hili ni kweli, na ushahidi wake bora uko mahakamani. Lotus ilishinda kesi dhidi ya Paperback Software mwaka 1990 kwa kuigwa menyu zake, na siku chache baadaye ikaishtaki kampuni ya Borland, ambayo lahajedwali yake ya Quattro Pro ilimpa mtumiaji hiari ya kutumia mpangilio wa amri za Lotus na kuziendesha makro zake. Jaji Robert Keeton aliipa Lotus ushindi tena. Rufaa ikageuza meza Machi 1995: mahakama ilisema mpangilio wa amri ni njia ya kuendeshea programu, kama vitufe vya mashine ya video, na njia ya kuendeshea kitu haina hakimiliki. Jaji Michael Boudin aliongeza kwamba Lotus ikipewa ukiritimba huo, watu waliozizoea amri zake na kujiandikia makro wangekuwa mateka wake, kama ambavyo mchapaji angekuwa mateka wa yeyote anayemiliki mpangilio wa herufi za kibodi. Mahakama Kuu ya Marekani iligawanyika 4 kwa 4 Januari 1996, jaji wa tisa akiwa amejitoa, na hukumu ya rufaa ikasimama. Kwa lugha nyepesi, kilichomo vidoleni mwa karani kilikuwa mali ya karani. Lakini kusema ni mazoea tupu si kweli, kwa sababu mengi yalikufa. Ule ujanja wa kitufe cha nafasi ulikufa mara kibodi zilipopata mishale minne, wala hakuna aliyeulilia. Vivyo hivyo alama ya mshangao ambayo VisiCalc iliitumia kukokotoa upya. Mazoea yaliyobaki yalipitia chujio la kazi.

Microsoft yenyewe haikungoja mahakama. Excel ya Windows ilipotoka mwaka 1987 wateja wake watarajiwa walikuwa watu wa Lotus, na matoleo ya awali yaliwawekea msaada maalumu: chapa amri kama ulivyozoea, programu ikuonyeshe inavyofanywa huku. Mkwaju ukabaki mlango. Z, X, C na V za Apple nazo zilipata makao Windows, hasa kuanzia toleo la 3.1 la mwaka 1992, baada ya miaka ya Shift na Delete, Ctrl na Insert. Hivyo mabonyezo ya Excel ni kama msamiati wa Kiswahili wenyewe: ukiuchambua unakuta kila mfanyabiashara aliyetia nanga aliacha kitu.

Kuna wanaoogopa kasi kwa sababu ya makosa, na hofu yao ina mifano. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, alionyesha kwamba katika jedwali la wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, lililounga mkono hoja zao kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, fomula ya wastani iliishia safu ya 44 badala ya 49, ikaacha nchi tano nje. Halikuwa kosa pekee alilolitaja, lakini ndilo lililokumbukwa. Mkono mwepesi unaweza kulizaa kosa kama hilo. Mkono mzito pia unaweza, kipanya kikiachiwa safu tano kabla ya mwisho. Kinachosahaulika ni kwamba vitufe ni vyombo vya kukagulia pia. F2 juu ya fomula hulizungushia rangi eneo inalolisoma, na safu tano zilizoachwa nje zinaonekana kwa macho. Ctrl na mabano mraba ya kufungulia hukupeleka kwenye seli ambazo fomula inazitegemea. Ctrl na kile kitufe kilicho chini ya Esc hugeuza jedwali zima lionyeshe fomula badala ya majibu. Mkaguzi mwenye seli elfu mbili hazikagui zote kwa kubofya. Huchoka, kisha huamini.

Lugha nayo imo katika hesabu hii. Herufi za VisiCalc na Lotus zilitokana na maneno ya Kiingereza, na wanafunzi wa vyuo vya kompyuta vya Nairobi na Dar es Salaam katika miaka ya 1990, waliofundishwa WordPerfect, Lotus 1-2-3 na dBase, walizibeba vidoleni kabla hawajaona ulazima wa kujua asili yake. Toleo la Kihispania la Excel huhifadhi kwa Ctrl na G na kukoza maandishi kwa Ctrl na N, kwa kufuata maneno ya Kihispania. Anayehama kutoka ofisi ya Madrid kwenda ya London hujikwaa siku nzima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kikaiweka programu nzima ya ofisi katika Kiswahili, swali la nini kitafsiriwe na nini kiachwe lilikuwa limeshafika kwetu. Kutafsiri menyu ni kumfungulia mlango asomaye. Kutafsiri vibonyezo ni kumnyang'anya aliyekwishazoea. (Tena tungetumia vitenzi vyenye ku-, nusu ya amri zingegombania herufi K.)

Jaribio kubwa la mwisho lilikuja mwaka 2007, Microsoft ilipozing'oa menyu za Excel na kuweka utepe wa picha. Menyu ya kuhariri ikafutika, pamoja na dirisha lililoorodheshwa chini yake la kubandika kwa masharti. Hata hivyo watu wa fedha walikuwa wamebandika maelfu ya namba kwa Alt, E, S, V: bandika thamani, acha fomula. Kampuni haikuthubutu. Bonyeza Alt na E leo, na kisanduku kidogo kinatokea juu ya utepe kikikuambia endelea kuchapa kama ulivyokuwa ukichapa katika toleo la zamani; ukiendelea S, dirisha la kubandika linafunguka. Miaka ya karibuni Excel imeongezewa Ctrl, Shift na V, fupi zaidi, kwa kazi hiyohiyo ya kubandika thamani. Alt, E, S, V haikuondolewa. Menyu iliyozizaa herufi hizo haipo, na kuna wahasibu wanaozibonyeza kila siku ambao hawajawahi kuiona.